Treni namba 6: bibi wa kazini anaishi na sukari, jirani yangu imemuua

MamaZuhura_Bronx
Wanajamvi, habari zenu. Mimi mtu wa Tanga, niko Bronx, New York, mwaka wa tisa, kazi yangu kutunza wazee majumbani. Bibi ninayemtunza sasa yuko Upper East Side, mtaa wa matajiri, Mzungu, miaka 88, ana sukari tangu mimi niko darasa la tano. Mkononi kabandikwa kidude: sukari ikishuka simu inalia, mimi huyo mbio na juisi. Kila baada ya wiki 6 anakuja mtaalamu wa miguu kumkata kucha na kumkagua vidole. Na keki anakula, msinidanganye.

Jioni napanda treni namba 6. Nyuradi hazijaisha, nimeshafika. Jirani wa chini yangu, mama mweusi wa Kimarekani aliyekuwa akimsuka Zuhura nywele, tumemzika mwezi uliopita. Miaka 56. Alianza na lengelenge la kisiginoni, viatu vya kazini. Akingoja miadi, kidonda kikachimba. Kikakatwa kidole, ukafuata mguu chini ya goti, mara figo. Insulini alikuwa anajidunga nusu ili chupa imfikishe mwisho wa mwezi.

Ugonjwa mmoja, jiji moja. Mbona huku ndiko tunakozika? Kuna mtu kaniambia eti ni damu yetu weusi.

Mzee_wa_Kahawa
Pole mwanangu. Lakini tusisingizie watu. Nenda sherehe yoyote ya Waswahili huko: pilau, sambusa, soda za lita 2, kutembea ni hadi kwenye gari. Mdomo ndio unatuua.

MamaZuhura_Bronx
Shikamoo mzee wangu. Soda sikatai. Ila soko la jumla la Hunts Point liko huku huku kwetu, malori ya mboga za jiji hayanipi usingizi, na duka la kona langu lina ndizi tatu zenye madoa na ukuta mzima wa chipsi. Halafu bibi yangu na keki yake yote, lengelenge lake lingeonekana siku ileile.

Nesi_wa_Figo
Dada, pole sana kwa msiba. Mimi niko kitengo cha kusafisha damu, hapo hapo Bronx. Kitaifa, Mmarekani mweusi ana uwezekano wa kufa kwa kisukari takribani mara mbili ya Mzungu, na kwenye viti vyangu naona hivyo hivyo.

Hiyo habari ya damu nayo ina kisa chake. Kwa miaka mingi hesabu ya kupima nguvu ya figo ilikuwa inamwongezea mtu mweusi alama, karibu asilimia 16, kwa sababu tu ni mweusi. Kwenye karatasi figo zinaonekana nzuri kuliko zilivyo, basi unachelewa kuingia foleni ya kupandikizwa. Fomula mpya ilitoka 2021, na Januari 2023 hospitali za upandikizaji zikaagizwa kuwarudishia wagonjwa weusi muda wao wa foleni uliopotea.

Na insulini: ile bei ya dola 35 kwa mwezi iliyoanza 2023 ni ya wenye Medicare, bima ya serikali ya wazee kuanzia miaka 65, au wenye ulemavu. Kwa miaka 56 yake asingehesabiwa. Figo zikishakufa ndipo Medicare inafungua mlango hata kwa kijana. Hilo linaniudhi kila zamu.

Mtu asiye na bima kabisa, hata karatasi hana, aulizie NYC Care, mpango wa jiji wa matibabu kwa wasio na bima. Ilianzia Bronx mwaka 2019.

Kigoma_Kwetu
Nesi, ongeza na A1C, kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu. Mimi nina chembe ya sikoseli, siumwi, nimeirithi upande mmoja tu. Miaka miwili kipimo kinasoma 5.6, daktari ananipongeza. Kupima asubuhi kabla ya kula: 141, kiwango cha mwenye kisukari! Utafiti wa 2017 ulionyesha wenye chembe hiyo A1C yao husoma chini kama 0.3 hivi, sukari ikiwa ileile. Kwa mtu aliye mpakani hiyo si ndogo.

MamaZuhura_Bronx
Subhanallah. Mdogo wangu alifariki kwa sikoseli, huenda chembe nami ninayo. Na mimi A1C yangu 5.5 mwaka wa tatu, nilikuwa najisifu kwa bibi. Jumatatu siji na chai kazini, naanzia kliniki na njaa yangu.