Naombeni ushauri: kutibu sainasi kwa mwanga wa leza, kuna ukweli hapa?

MamaAhadi_Tabata:
Habari zenu wakuu, naombeni mawazo yenu maana nimechoka. Mume wangu anasumbuliwa na sainasi mwaka wa pili huu, kamasi nzito za kijani zinamshukia kooni, uso unamuuma hasa akiinama kufunga kamba za viatu, na harufu hasikii kabisa, juzi maharage yameungua jikoni yeye kakaa hapo hapo sebuleni hana habari. Kila akienda duka la dawa anapewa antibayotiki, azuma au amoksi, anapata nafuu kidogo halafu yanarudi yale yale. Sasa kuna kliniki moja hapa mjini wamemwambia wanatibu kwa leza, wanamuwekea kitaa chekundu puani, laki sita na wanataka yote kabla ya kuanza. Eti inaua bakteria hata walioshindikana kwa antibayotiki. Hela ipo ila ndo ada ya mtoto ya Januari. Anataka kwenda Jumatatu. Mwenye kujua hii kitu anisaidie tafadhali.

Mzaramo_Halisi:
Pole sana dada. Ajifukize majani ya mkaratusi asubuhi na jioni, mimi yalinisaidia.

CO_Kibaha:
Kujifukiza kunafungua pua kwa muda ila kwa mtu wa mwaka wa pili hakutoshi, na awe makini na sufuria la moto, watu wanaungua sana.

Dada, mwanga kuua bakteria sio uongo. Mwaka 1900 kule Munich mwanafunzi mmoja anaitwa Oscar Raab aliandika kwamba vijidudu vya majini vilivyowekewa rangi vinakufa haraka vikipigwa na mwanga, vikikaa gizani na rangi ile ile vinadumu. Kanuni ni hiyo hiyo mpaka leo, inapakwa rangi, mara nyingi methilini bluu (sio GV, ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda, hiyo ni nyingine), inang'ang'ania kwenye bakteria, halafu unamulikwa mwanga mwekundu wa kama nanomita 660, rangi inaupokea na kuifanya oksijeni iliyopo pale iwe kali kiasi cha kumharibu bakteria sehemu nyingi kwa wakati mmoja, ndo maana hata wale sugu wanakufa. Kule Vancouver, Kanada, hospitali kuu ya mji ilianza 2011 kuwapaka na kuwamulika puani wagonjwa wanaosubiri upasuaji, ili bakteria wa puani wasije wakaingia kwenye kidonda.

Sasa angalia hapo, ni rangi NA mwanga, na ni tundu la pua la mbele. Sainasi ni vyumba vilivyo ndani ya mifupa ya mashavu na paji, mlango wake ni milimita chache tu na ukivimba unaziba kabisa. Kumulika puani ni sawa na kusimama barazani na tochi ukitegemea stoo iliyofungwa iwe safi. Wanaoijaribu kwenye sainasi zenyewe wanapitisha mwanga mpaka ndani, hasa kwa watu walioshafanyiwa upasuaji njia ikawa wazi, na hata huko bado sio tiba ya kwanza. Waulize kliniki wanapaka nini kabla ya kuwasha taa, na wameona nini kwenye CT skani yake. Kama hawajapiga picha yoyote, hiyo hela msitoe.

Binti_wa_Pangani:
Samahani dada, kunamuuma pande zote au upande mmoja? Na meno ya juu yakoje?

MamaAhadi_Tabata:
Kulia ndo kumezidi. Ana gego la juu kulia liliwahi kuzibwa, likaacha kuuma, ila anasema mdomoni anasikia ladha mbaya hasa asubuhi. Inahusiana kweli?

Binti_wa_Pangani:
Inahusiana sana! Niko kliniki ya meno, hawa tunawaona. Mizizi ya magego ya juu iko chini kabisa ya sainasi ya shavu, jino likioza ndani usaha unapandia huko, na jino lenyewe linaweza lisiume kabisa maana mshipa wake umeshakufa. Hapo azuma itatuliza tu, chanzo kipo pale pale. Apigwe picha ya hilo jino.

CO_Kibaha:
Nakubaliana na dada hapo juu 100%. Aanze na picha ya jino kisha amuone daktari wa ENT (masikio, pua na koo), Muhimbili wapo, amwangalie na ndani ya pua, maana kukosa harufu muda wote huo kunaweza kuwa na vinyama vya puani pia. Azuma za dukani aziache, bakteria wanazidi kuzizoea.

Wakati anasubiri asafishe pua kwa maji ya chumvi, kijiko cha chai kimoja kwenye nusu lita ya maji yaliyochemka yakapoa, yasiwe ya bomba moja kwa moja. Atumie bomba kubwa la sindano lisilo na sindano, ainame kwenye sinki, apumulie mdomo. Ila jicho likivimba, akianza kuona vitu viwili viwili, au kichwa kikimuuma sana na shingo ikakaza, hapo ni emajensi usiku huo huo, msisubiri kukuche.

MamaAhadi_Tabata:
Asanteni sana jamani, Mungu awabariki. Nimemsomea yote, amekubali Jumatatu tuanze na jino. Hilo bomba la sindano ni la mililita ngapi?

CO_Kibaha:
20 inatosha, ukipata ya 50 ni bora zaidi. Asisukume kwa nguvu.