Sweta limetoka pana kuliko vipimo, nimekosea wapi?

Mama Pacha: Wafumaji wenzangu, naombeni msaada. Kifua nilitaka sentimita 100. Sampuli, kile kipande cha majaribio, ilinipa vitanzi 22 kwa sentimita 10, nikaanza na 220. Nimelifua, limekuwa sentimita 110! Makwapa nayo yananing'inia. Jioni zangu za miezi miwili zimo humo, inaniuma.

Fundi Uzi: Pole sana dada. Sampuli uliifua kabla ya kuipima?

Mama Pacha: Hapana. Nimeifua jana, imekauka: kwa sentimita 10, vitanzi 20, mistari 28. Mwanzoni mistari ilikuwa 30.

Fundi Uzi: Basi ndiyo hiyo. Kwapa la sentimita 20 lilitaka mistari 56, wewe umefuma 60. Watu huhesabu vitanzi tu, kumbe kiuno, kwapa na bega vyote hupunguzwa kwa kufuata mistari. Sampuli iwe kubwa, sentimita 15 kila upande, upime katikati. Kingo hujikunja zikakudanganya.

Bibi Sindano: Mwanangu, kama sweta unalifuma kwa mzunguko, bila kugeuza kazi, sampuli nayo ifume hivyo hivyo. Mkazo wa mkono wako hubadilika ukigeuza kazi.

Mama Pacha: Asanteni mno. Nalifumua lote usiku huu, naanza na vitanzi 200.