CB4 au Fear of a Black Hat: ipi niwawekee wachanaji wangu?

BandaLaVideo: Wakuu, nina banda la video hapa Mwanjelwa, Mbeya. Vijana wangu wengi wanachana, na kila mmoja akishika maiki tu, eti kalala jela, kakulia jalalani. Mama yake namjua! Anauza mchele wa Kyela pale sokoni na ada kalipa yote. Nataka filamu ya kuwachekesha mpaka wajione. Ipi?

Mtu wa Kabwe: CB4 ya 1993. Chris Rock ni kijana wa nyumba inayojiweza, anajivika jina na maisha ya jambazi ili atoke kimuziki. Hao hao vijana wako, mkuu.

DadaUyole: Nampinga kaka hapo juu. Fear of a Black Hat ya Rusty Cundieff ndiyo kiboko. Imetengenezwa kama ya kweli: msomi wa chuo anawafuata marapa watatu na kamera. Wanavaa makofia ya ajabu, halafu wanaeleza, sura wamekaza, kwamba watumwa hawakuasi kwa sababu walishinda juani vichwa wazi, jioni hoi. Niliitazamia kwenye daladala, nikacheka mpaka konda akanigeukia. Ila matusi yamejaa, usiiweke mchana, watoto wa shule wanachungulia.

Mtu wa Kabwe: Imetafsiriwa na DJ? La sivyo wateja watadai hela yao.

BandaLaVideo: Nitatafsiri mwenyewe, maiki ninayo. Asante dada, naanza na ya makofia. Kwa baridi hili la Juni kila mteja anakuja na kofia lake.