Wikendi ya wawili Venice: ratiba hii inawezekana au nimejaza mno?

Baba_Kulwa

Wakuu, heshima kwenu. Mwezi wa tano ndoa yetu inatimiza miaka kumi, nataka kumtoa Mama Kulwa wikendi moja, sisi wawili tu. Mapacha watabaki kwa shangazi yao. Tunaishi Ujerumani, kwa hiyo Venice si mbali. Tunatua Marco Polo Ijumaa saa tatu usiku, tunaruka kurudi Jumapili saa mbili usiku.

Nilivyopanga: kulala Mestre, upande wa bara, maana hoteli za kisiwani bei zake zinakata pumzi. Jumamosi asubuhi Basilika ya San Marco na Palazzo Ducale, kasri la watawala wa zamani, mchana visiwa vya Murano na Burano, jioni gondola, ile mashua nyembamba ya kasia, tupite chini ya Ponte dei Sospiri, yaani daraja la kushusha pumzi. Wanasema mkibusiana pale jua likizama mapenzi hayafi. Jumapili treni hadi Verona tukaione ile roshani ya Juliet, kisha uwanja wa ndege. Mwenyewe hajui lolote, ni sapraizi.

Naombeni mnikosoe. Na gondola ni kweli wanatoza kwa kichwa?

Mtandika_Vitanda

Kaka, hongera. Mimi natandika vyumba kwenye hoteli moja mtaa wa Cannaregio, kisiwani, na nalala Mestre kama wafanyakazi wengi wa huku. Njia uliyompangia mke wako ndiyo ninayopita mimi nikienda kazini, kwa hiyo nisikilize.

Mestre si pabaya. Ni mji wa watu kuishi tu, na treni ni kama dakika kumi. Tatizo ni saa. Venice ya mchana ni ya makundi yanayofuata kibendera cha kiongozi wao, na wengi wanaondoka jioni. Ikigonga saa nne usiku vichochoro vinabaki na wenyeji pamoja na wageni waliolala humo humo, mpaka mnasikia viatu vyenu wenyewe. Asubuhi nikishuka Santa Lucia, stesheni ya kisiwani, nakuta boti zinashusha kreti za maji na magunia ya mashuka, wazoa taka wanasukuma mikokoteni, na Canal Grande, mfereji mkuu, haina mtu wa kupiga picha. Usiku ule na asubuhi ile ndivyo mnavyovilipia. Mkilala Mestre, usiku mtakula chakula huku mkiangalia saa ya treni, na asubuhi mtaingia pamoja na makundi.

Tafuta chumba kidogo Cannaregio au Castello, mbali na San Marco. Huko bei inapungua. Kabla hujalipa waulize kituo cha boti kilicho karibu ni kipi, na kutoka hapo hadi mlangoni kuna madaraja mangapi. Anwani peke yake haitakufikisha, maana nyumba za Venice hupewa namba kwa eneo zima, si kwa barabara. Ukiandikiwa Cannaregio na namba ya maelfu unaweza kuzunguka mpaka ukate tamaa. Na madaraja yote hayo ni ngazi. Nawaona mabwana wanafika mapokezi shati limeloa, sanduku begani, mke yuko nyuma kidogo na hawaongei. Begi la mgongoni kwa kila mmoja, basi.

Verona itoe. Treni ni zaidi ya saa moja kwenda, na kurudi vivyo hivyo, huku mna mabegi na ndege jioni. Hiyo roshani yenyewe waliibandika kwenye ile nyumba karne ya 20. Burano ni pazuri kweli, na nyumba zile za rangi, lakini boti namba 12 kutoka Fondamente Nove inakula zaidi ya nusu saa kwenda tu, na mwezi wa tano foleni yake ni ya kusukumana. Mna Jumamosi moja. Mimi ningeviacha visiwa vyote viwili.

Gondola bei yake imepangwa na jiji: euro 90 kwa nusu saa mchana, euro 110 kuanzia saa moja usiku. Ni bei ya chombo, si ya kichwa, hata mkiwa watano. Mwimbaji ni malipo mengine, na sijui kwa nini mtu alipie mgeni amwimbie mke wake. Kabla ya kupanda kubalianeni njia, umwombe awapitishe mifereji midogo ya ndani ambako hakuna mawimbi ya boti za injini. Na lile daraja liliunganisha Palazzo Ducale na gereza. Waliokuwa wakishusha pumzi pale ni wafungwa. Mbusu popote kaka.

Mchumi_Halisi

Dada unamtisha mwenzio. Sisi tulilala Mestre, na tofauti ya bei ilitulisha wikendi nzima. Treni zipo, na usiku wa manane kuna mabasi.

Mkuu, mambo ambayo hayajasemwa: siku nyingi za wikendi majira hayo jiji linatoza ada ya kuingia, euro 5 ukilipa mapema, 10 ukichelewa, kuanzia saa mbili na nusu asubuhi hadi saa kumi jioni. Anayelala hotelini ndani ya manispaa halipi, na Mestre imo ndani ya manispaa hiyo. Ila lazima ujisajili mtandaoni upewe msimbo wa msamaha, kwa sababu wanakagua. Basilika nunua tiketi yenye saa maalumu, mabega na magoti yafunikwe, na usiende na begi kubwa. Jumapili asubuhi ni ibada, watalii wanaingia mchana.

Baba_Kulwa

Nashukuru sana. Verona nimeshaifuta, roho imeniuma kidogo. Dada, nimepiga hesabu: bajeti inabeba usiku mmoja tu kisiwani. Niuchukue upi? Halafu ukishanitolea Murano, Burano na Verona, kutwa nzima tutakuwa tunafanya nini?

Mtandika_Vitanda

Chukua Jumamosi. Ijumaa mnafika usiku mmechoka, laleni Mestre, basi la kutoka uwanjani linafika hadi hapo, na Mchumi naye afurahi. Jumamosi pandeni treni ya mapema kabisa na mabegi yenu. Andikia hoteli ya kisiwani mapema uulize kama watawahifadhia mabegi kabla chumba hakijawa tayari, kwetu tunahifadhi.

Basilika na Palazzo Ducale vifanyeni asubuhi, tiketi zikiwa mkononi, viishe. Mchana, joto na watu vikizidi, rudini mkalale. Unauliza kutwa mtafanya nini? Kaka, ndoa ina miaka kumi na mapacha juu. Kile kibao cha usisumbue kinachotundikwa mlangoni saa tisa mchana huwa nakipita kimya kimya, na hao ndio wageni ninaowaona jioni wakicheka kwenye ngazi. Wenye ratiba kama yako wanarudi wakikanda nyayo.

Jioni nendeni Zattere, ile njia ndefu ya kando ya maji inayotazamana na Giudecca. Jua linazama upande huo, mwezi wa tano ni kama saa mbili na nusu usiku. Gondola iweni nayo baada ya hapo, au msiwe nayo kabisa. Ukitaka kuokoa hizo 110, pandeni boti namba 1 Piazzale Roma baada ya chakula, mtafute viti vya nje, mshuke San Marco. Inasimama kila kituo, inaburuta, na usiku uburutaji huo ndio raha yake, majumba yamewashwa taa ndani na mnaona mpaka michoro ya dari. Tiketi moja ni euro 9.50 kwa dakika 75. Ya saa 48 ni euro 35, ila kwa wanaotembea kwa miguu sioni kama inalipa.

Jumapili amkeni kabla ya saa kumi na mbili, uwanja wa San Marco utakuwa wenu na njiwa. Usiwape njiwa chakula, kuna faini. Baadaye boti namba 2 kutoka San Zaccaria hadi kisiwa kidogo cha San Giorgio, kituo kimoja tu, mpande mnara wa kanisa. Kuna lifti, na foleni haifiki hata robo ya ile ya mnara wa San Marco.

Sapraizi ya mji iache kama ilivyo, lakini viatu mwambie. Asije na visigino virefu kwenye ngazi hizi halafu lawama ziangukie Venice.

Baba_Kulwa

Hapo kwenye viatu umeniokoa, maana jana nimemsikia akimwambia dada yake kuna vipya vyekundu anavisubiri kwa posta.