Nyasi za reli ya mfano zinalala badala ya kusimama, tatizo ni nini?

Behewa_la_Nyuma: Wakuu, salaam. Naomba ushauri. Reli yangu ni ya kipimo cha HO, yaani 1:87. Kilima ni stairofomu iliyopakwa rangi ya kijani. Napaka gundi nyeupe ya mbao, kisha nanyunyiza nyuzi za nyasi bandia za milimita 6 kwa kifaa cha umeme tuli, kinachotakiwa kuzisimamisha. Nyingi zinalala, na zinazosimama zinaonekana kama zulia. Nibadilishe kifaa?

Fundi_Mandhari: Kifaa kiache kwanza. Kibanio cha ule waya wa pili wa kifaa umekibana wapi? Stairofomu haipitishi umeme, kwa hiyo ukikibana ukingoni mwa ubao, nguvu ya umeme haifiki kwenye gundi. Chomeka msumari mwembamba ndani ya gundi mbichi, ubane hapo. Paka eneo la ukubwa wa kiganja tu, nyunyiza, kisha hamisha msumari. Chujio la kifaa, yaani wavu nyuzi zinapotokea, likae sentimita 2 hivi juu ya gundi. Likiigusa, umeme unapita njia ya mkato na nyuzi zinadondoka ovyo.

Na gundi yenyewe: ikiwa nzito inaota ngozi juu kabla nyuzi hazijazama. Jaribu sehemu 3 za gundi kwa 1 ya maji, na tone la sabuni ya vyombo ili isambae. Usizidishe maji, maana kwenye mteremko itatiririka na nyuzi zako. Nyuzi zilizopata unyevu nazo hugandana, zianike kabla ya kuzitia kwenye kifaa.

Swichi_Kushoto: Hilo la zulia ni suala jingine. Piga hesabu: milimita 6 mara 87 ni sentimita 52, nyasi za kufika magotini kilima kizima! Anza na milimita 2, ambazo ni kama sentimita 17, halafu za milimita 4 kwa mabaka tu. Zile za 6 ziweke mitaroni na kwenye nguzo za uzio. Chini paka rangi ya udongo, si kijani, na uache vipara vichache. Changanya kijani na rangi ya majani makavu. Kijani kitupu cha kwenye pakiti, kwa maoni yangu, hakifai kutumiwa peke yake.

Behewa_la_Nyuma: Nimekupata mkuu. Tabaka la pili nalishikishaje bila kulaza la kwanza?

Fundi_Mandhari: La kwanza likauke usiku kucha. Fyonza nyuzi zisizoshika kwa mashine ya vumbi, mdomo wake ukiufunika kwa soksi nyepesi ili uzitumie tena. Kisha puliza gundi ya spirei kidogo kwenye ncha za nyasi, unyunyize upya. Spirei nyingi hula stairofomu, basi hakikisha rangi imeifunika yote. Na kifaa kiwe kimezimwa unapopuliza: gesi ya kopo inashika moto, cheche moja inatosha.

Dekoda: Naongeza moja. Ondoa vichwa vya treni ubaoni na usibane kibanio kwenye reli, umeme ule unaua dekoda, yaani saketi ndogo ndani ya kichwa cha treni inayopokea amri. Funika reli kwa tepu ya karatasi, hasa kwenye swichi (pale reli inapogawanyika njia mbili), kwa kuwa uzi mmoja ukinasa kwenye ulimi wake, haifungi. Tepu ibandue gundi ikiwa bado mbichi. Ikikauka itang'oka na nyasi za ukingoni.