Tupeane uzoefu: akiba ya chakula katika nyumba yenye mtu mwenye mzio

Mama Wawili (Same)
Ndugu zangu, masika yameanza kuharibu barabara yetu, na kila inapokatika huwa nakosa usingizi, kwa kuwa mwanangu wa pili hawezi kula mayai wala chochote kilichoguswa na karanga. Jirani yangu akiishiwa hugonga mlango wa pili akakopeshwa unga, lakini mimi siwezi kukopa unga ambao sijui ulisagwa pamoja na nini. Ninyi wenye mtu wa namna hii nyumbani, mnaweka akiba gani, na mnailindaje isichanganyike na vyakula vya wengine?

Mkulima wa Kibaigwa
Weka nafaka nzima, usiweke unga, kwa sababu dona huanza kuchacha mapema na tena huwezi kuikagua kwa macho. Mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5, yakitiwa katika ule mfuko wa tabaka tatu, yaani mifuko miwili ya nailoni ndani ya kiroba, na kila tabaka likafungwa peke yake, hukaa hadi msimu unaofuata bila dawa, kwani dumuzi hukosa hewa na kufa. Kama huna kipimo cha unyevu, tia mahindi kiasi na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, tikisa, kisha subiri dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani. Jambo hili si la mzaha kwetu, maana mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara walikufa kwa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi yenye unyevu.

Binti Pangani
Nakubaliana nawe. Kwetu tatizo ni mzio wa kamba wa baharini, na tumeacha kununua mchele katika duka linalopima uduvi kwa kopo hilohilo.

Mwalimu Mstaafu
Naomba kutofautiana nanyi kwa heshima. Sisi tulikula kashata, mayai na dagaa katika sinia moja, na sikumbuki mtoto yeyote aliyevimba midomo. Huku kuwatenga watoto na vyakula ndiko kunakowadhoofisha.

Muuguzi wa Zamu
Shikamoo, Mwalimu. Watoto hao walikuwepo, ila aliyekata pumzi baada ya kula ilisemwa amelishwa sumu, na lawama ikamwangukia mpishi. Kuna ukweli kidogo katika neno lako: utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba watoto walio katika hatari, wakianzishiwa karanga kabla ya kutimiza mwaka mmoja, wengi wao huepuka mzio huo. Hata hivyo, hiyo ni kinga. Aliyekwisha kupata mzio halishwi kwa kujaribiwa.

Baba Nasra (Kilwa)
Nilikuwa nasoma tu, lakini neno la unga limenigusa. Mei 2024, mvua zilizokuja na kimbunga Hidaya zilipokata barabara kuu pale Somanga, nyumba yangu ilijaa ndugu waliokwama safarini. Binti yangu ana mzio wa karanga, na kwa ajili yake tulikuwa na ndoo nyeupe ya unga wa ulezi mtupu, uliosagwa kwa kinu cha mkono na kuwekwa juu kabisa ya kabati. Shemeji yangu, dada wa mke wangu, alikuwa amebeba unga wa lishe, ule unaosagwa pamoja na karanga, kutoka mjini. Alipoona mfuko wake umepasuka na mvua inavuja, aliumimina ndani ya ndoo ile ili usiharibike, akaukoroga vizuri na kufunika, na hakuona sababu ya kumwambia mtu. Asubuhi mtoto alikunywa uji wake kama kawaida. Hakumaliza kikombe. Kwanza alikuna shingo, kisha midomo ikafura, akatapika, na alipojaribu kumwita mama yake sauti ilitoka imekwaruza kama ya mtu mzima. Nilimpakata kwenye bodaboda tukapita katikati ya maji, dereva akipiga honi mfululizo na mimi nikimhimiza mtoto avute pumzi. Zahanati walikuwa na adrenalini. Walimchoma pajani, na kabla sijamaliza kueleza alichokula akaanza kupumua kama watu. Walikataa turudi nyumbani siku hiyo, wakisema hali hiyo inaweza kurudi baada ya saa kadhaa hata kama mgonjwa hajala kitu kingine.

Binti Pangani
Shemeji alisema nini?

Mpita Njia
Hakuna mtu anayemimina unga wake katika ndoo ya mwenzake bila nia.

Baba Nasra (Kilwa)
Naomba shemeji yangu aachwe. Alilia kuliko sisi sote, na ndoo haikuwa na maandishi yoyote ya kumwonya mgeni.

Mfugaji wa Monduli
Siku nyingine mpe mtoto maziwa ya moto haraka, maziwa hukata sumu. Na yule asiyepatana na maziwa ya ng'ombe awekewe akiba ya maziwa ya mbuzi.

Muuguzi wa Zamu
Mfugaji, yote mawili hapana. Protini za maziwa ya mbuzi zinafanana sana na za ng'ombe, hivyo wengi wenye mzio wa haya hudhurika kwa yale. Maziwa hayazuii mzio, na vidonge vya kuondoa muwasho havifungui njia ya hewa. Dawa ni adrenalini. Mgonjwa alazwe miguu ikiwa juu, au akae kama anapumua kwa shida, wala asitembezwe.

Mzazi wa Garsen
Mafuriko yalipotuhamisha tulipewa chakula kwa wema mkubwa, lakini uji ulikuwa wa mahindi na soya, na ile lishe ya pakiti ya watoto wenye utapiamlo hutengenezwa kwa karanga na maziwa ya unga. Mwenye mzio na abebe mfuko wake wa mchele na choroko hata akikimbia usiku.

Mama Wawili (Same)
Turudi kwenye kusaga, tafadhali. Je, niwahi mashineni alfajiri kabla ya wengine?

Mpita Njia
Wahi, utakuta mashine safi.

Mkulima wa Kibaigwa
Ukiwahi ndiwe utakayebeba mabaki ya lishe ya jana. Ukiwa huna kinu chako, saga kwanza mahindi ya kuku ili yasukume mabaki hayo, ndipo uweke ya mtoto, na hata hivyo hatari hupungua tu, haiishi.

Mpita Njia
Na ndoo itiwe kufuli, shemeji zetu wana huruma mno.

Mama Wawili (Same)
Nitanunua kinu. Mifuko ya tabaka tatu naitambuaje kama ni mizima?

Mkulima wa Kibaigwa
Ijaze hewa ile ya nailoni, kamata mdomo, kisha ikandamize karibu na shavu. Ukisikia upepo, usiinunue.