Ulinganisho: fomu ya Google, ukurasa wa huduma ya barua pepe, au ukurasa kwenye tovuti yangu? Nauza zabibu kavu, niko Dodoma

ZabibuNaUbuyu

Wakuu, mbukwenyi.

Niko Nkuhungu, hapa Dodoma mjini. Nauza zabibu kavu, unga wa ubuyu na asali ya Manyoni kwa njia ya mtandao. Wateja wengi wako Dar, wachache Mwanza, na kuna watumishi wa Mji wa Serikali kule Mtumba ambao huagiza mshahara ukishaingia. Mwezi wa nne akaunti yangu kwenye mtandao mmoja wa picha ilifungwa bila maelezo. Nilirudishiwa baada ya wiki tatu. Wiki zote hizo mzigo uko ndani na sina namna ya kumwambia mteja hata mmoja kwamba bado nipo.

Nikaamua nitafute orodha yangu mwenyewe ya barua pepe. Njia ninazozifikiria ni tatu: (1) fomu ya Google Forms, naweka kiungo kila mahali, (2) ukurasa wa kujiandikisha unaotolewa na hizi huduma za kutuma barua pepe, (3) kumlipa fundi anitengenezee ukurasa kwenye tovuti yangu.

Sitaki kuzidi elfu hamsini kwa mwezi, na kompyuta kwangu si kazi ya kuzaliwa nayo. Ipi itafanya watu wajiandikishe kweli? Kiungo cha ukurasa wa majaribio nimekiweka kwenye wasifu wangu. Nawasilisha.

Fundi_Makulu

Dada, nimetengeneza kurasa za namna hii tangu niko chuo hapo UDOM, nakupa nilivyoziona.

Google Forms ni bure, dakika kumi umemaliza, majibu yanaingia kwenye jedwali yenyewe. Lakini inakusanya tu. Kutuma ni juu yako, na Gmail ya kawaida inakukatia ukifika watu 500 kwa siku. Mtu akiandika "gmail.con" inapokea bila kuuliza. Anayetaka kujitoa lazima akuandikie umfute kwa mkono, na ukimsahau mara moja anabofya "hii ni taka", unaanza kuharibikiwa. Halafu ina sura ya dodoso. Mtu wa Dodoma akiiona anajua ni mwanafunzi anatafuta data ya utafiti, anapita.

Ukurasa wa huduma (Mailchimp, Brevo, MailerLite na wenzao) unaundwa kwa kuchagua sura na kubadilisha maneno. Unachopata hapo ni vitu vitatu ambavyo Google Forms haina: barua ya kuthibitisha anwani, barua ya kukaribisha inayojituma yenyewe, na kiungo cha kujitoa chini ya kila barua. Angalia tu masharti ya mpango wa bure siku unayojiunga, maana hubadilika. Mailchimp zamani ilikubali watu 2,000 bure. Mwaka 2023 ikashusha hadi 500.

Ukurasa wa tovuti yako ni mzuri kwa sura na kwa muda mrefu, lakini fomu yenyewe bado itaunganishwa na huduma ileile ya njia ya pili. Kwa hiyo hapo humlipi fundi mfumo, unamlipa nyumba ya kuuwekea.

Mimi ningeanza na ya pili, ila jina la tovuti la .co.tz ningelinunua leo. Sababu nitaisema nikitoka kazini.

Babu_Mkonze

Mimi nauliza kabla hamjaenda mbali. Mtanzania gani huyo anasoma barua pepe? Alifunguliwa Gmail siku aliyonunua simu, na nywila anayo kijana wa simu pale Majengo. WhatsApp inatosha, acheni kumzungusha binti wa watu.

MamaKaranga_Kongwa

Shikamoo mzee wangu. Kwa mteja wa nusu kilo umesema kweli tupu. Lakini mimi nina wateja wa gunia, wenye maduka, wenye hoteli, watu wa ofisini. Hao barua pepe wanaifungua kila siku kwa sababu ndiko kazi yao iliko. Na orodha ya matangazo ya WhatsApp inabeba watu 256 tu, tena ujumbe unamfikia yule aliyehifadhi namba yako. Mimi nilituma wiki mbili najiona nimetangaza, kumbe wengi hawajanihifadhi.

Mdogo wangu ZabibuNaUbuyu, nikupe la kwangu. Nilianza na fomu ya maswali saba: jina kamili, simu, barua pepe, mkoa, kata, tarehe ya kuzaliwa, "ulitusikia wapi". Nilikuwa najiona nafanya biashara ya kisasa. Watu walifungua wakafunga. Binti yangu akaniuliza, "Mama, tarehe ya kuzaliwa ya nini, unawapa chanjo?" Nikabakiza barua pepe peke yake. Kata ya mtu nitaijua akiagiza.

Na usikimbilie kulipia mtambo mkubwa. Waingereza walileta matrekta hapa kwetu Kongwa mwaka 1947 walime karanga kabla hawajaijua mvua yetu wala udongo wetu. Mwaka 1951 walikuwa wanafunga virago.

Babu_Mkonze

Marahaba mama. Hiyo ya matrekta naikumbuka kwa kusimuliwa na baba. Lakini wa nusu kilo je, mnamtupa?

Mwandishi_AreaC

Hatumtupi, mzee. Ukurasa wa shukrani, ule unaotokea mtu akishabofya, unawekwa kiungo cha WhatsApp pale. Kabla ya hapo usikiweke. Ukurasa wa kujiandikisha ukiwa na milango mitano, ya Instagram, ya duka, ya WhatsApp, ya "kuhusu sisi", mtu anatokea popote isipokuwa ule unaoutaka. Ondoa hata menyu ya juu.

Sasa niseme linaloniwasha. Mnashindana kuhusu chombo, na mimi nimeufungua ukurasa wa dada, nikasoma maneno. Kichwa kinasema: "Karibu ujiunge na familia yetu upate taarifa mbalimbali." Dada, familia ninayo, na inanipigia simu za kutosha. Taarifa mbalimbali ndizo zipi? Kitufe kimeandikwa "Wasilisha", kama niko dirishani napeleka fomu ya kiwanja.

Bidhaa yako ina jambo moja ambalo muuza maji ya chupa analitamani: inaisha. Zabibu za Dodoma zinavunwa mara mbili kwa mwaka, Februari kwenda Machi na Agosti kwenda Septemba. Katikati hapo mteja anauliza "zipo?" na wewe unajibu mmoja mmoja mpaka usiku. Basi ukurasa umjibu swali hilohilo. Ningeandika hivi:

*Zabibu mpya zikikauka, ujue kabla hazijaisha.*
*Barua mbili kwa mwezi, hazizidi: bei ya wiki hiyo, kilo zilizopo, na siku mzigo unapoondoka Dodoma.*

Chini yake kisanduku kimoja cha barua pepe, na kitufe "Nitumie bei". Chini ya kitufe, kwa herufi ndogo zinazosomeka: "Unajitoa kwa kubofya mara moja. Anwani yako hatumpi mtu." Kisha picha moja ya barua uliyokwisha kutuma, mtu aone anachokubali. Basi. Maelezo ya ulianzaje biashara na bibi yako alikuwa na shamba Hombolo, weka kwenye barua ya kwanza. Huko yatasomwa.

Ukisema barua mbili, ziwe mbili. Siku utakayotuma ya tatu, ya nne, ndiyo siku watu wanaondoka.

MamaKaranga_Kongwa

Nakazia hapo kwenye kitufe. Ila mimi punguzo la bei lilinisaidia: "jiandikishe upate punguzo oda ya kwanza".

Mwandishi_AreaC

Mama, punguzo linaleta wengi, na ndani yao wamo wa kuandika aaa@aaa.com ili waone namba ya punguzo waondoke. Ukilitumia, usiioneshe namba kwenye ukurasa. Itume kwenye barua pepe, basi mtu atalazimika kuandika anwani ya kweli. Na faida ya zabibu kavu si ya kugawa hovyo. Dada ahesabu kwanza. Kwa maoni yangu mteja wa kudumu anataka kuwahi kuliko kupunguziwa. "Waliojiandikisha wanauziwa siku moja kabla ya wengine" haikugharimu hata senti.

MamaKaranga_Kongwa

Hiyo ya siku moja kabla nimeichukua, usinidai.

Fundi_Makulu

Nimerudi. Lile la jina la .co.tz.

Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza masharti kwa watumaji. Anayetuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwenda Gmail anatakiwa awe na SPF, DKIM na DMARC (alama za kuthibitisha kwamba barua imetoka kwake kweli), kujitoa kuwe kwa kubofya mara moja, na malalamiko ya taka yasifike asilimia 0.3. Wewe hufiki 5,000, lakini hata mdogo anatakiwa anwani yake ithibitishwe. Ukituma kupitia huduma huku "kutoka kwa" imeandikwa jinalako@gmail.com, Gmail inaona barua imetoka kwenye mitambo isiyo yake imevaa jina lake, inaitilia shaka. Ukiwa na anwani ya jina lako la .co.tz, huduma inakupa mistari michache ya kubandika kule unakolipia jina, kazi imekwisha. Zile herufi usiziogope. Ni kama mhuri na sahihi kwenye barua ya mwenyekiti wa mtaa. Bila hivyo karani hakupokei.

Sasa simu. Ukurasa wako wa majaribio una picha ya shamba ya zaidi ya megabaiti 4. Mteja yuko kwenye basi amekaribia Gairo, mtandao unakuja unaondoka, bando ni la mia tano. Hatasubiri. Ipunguze ibaki chini ya kilobaiti 100, na kichwa cha habari na kitufe vionekane kabla mtu hajasogeza kidole. Kisanduku kiwekwe kuwa cha aina ya barua pepe, ili kibodi ije na alama ya @ yenyewe. Kwenye iPhone, maandishi ya kisanduku yakiwa chini ya pikseli 16 ukurasa unajikuza mtu akigusa, kitufe kinapotelea pembeni. Huduma nyingi zimeshalirekebisha hilo, ila kurasa za kutengenezewa na fundi mara nyingi hazijarekebishwa. Nami fundi nakiri.

Karani_Mpwapwa

Mmesahau sheria. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kujisajili, aseme anazikusanya kwa ajili gani, na asizitumie kwa jingine. Mtu ana haki ya kukuzuia usitumie taarifa zake kwa matangazo. Kwa hiyo kile kisanduku cha "nakubali kupokea barua" usikiweke kikiwa kimeshatiwa alama ya vyema. Akitie mwenyewe.

Na hili wengi wanalikosea: aliyekulipa kwa M-Pesa au aliyekuachia barua pepe ya kutumiwa risiti hajajiandikisha. Usimwingize kwenye orodha kimyakimya. Mwombe.

ZabibuNaUbuyu

Nilikuwa na anwani 140 za wateja wa risiti na nilikuwa nimeshaanza kuzipakia. Nimesimama. Karani, nikiwaandikia mara moja tu kuwaomba?

Karani_Mpwapwa

Kwenye barua ya oda yao inayofuata, weka mstari mmoja wenye kiungo. Anayetaka atabofya.

Babu_Mkonze

Swali la mzee. Hiyo barua ya kuthibitisha, mtu kajiandikisha, tena aende akafungue akubali tena? Mnamchosha mteja.

Fundi_Makulu

Babu, ni kweli utapoteza baadhi hapo. Lakini utakaobaki nao anwani zao ni hai, na hakuna anayeweza kumwandikisha jirani yake kwa utani. Kwa orodha ndogo mimi naona ni bora. Ukurasa wa shukrani usiseme "Asante" tu. Useme: "Bado hatua moja. Fungua barua pepe yako sasa, tafuta barua kutoka Zabibu na Ubuyu, bofya Nathibitisha. Usipoiona, angalia kwenye matangazo au kwenye taka." Jina la mtumaji liwe lilelile linalosomeka kwenye pakiti.

ZabibuNaUbuyu

Wakuu, nimekaa nayo siku nne, narudisha mrejesho. Nimechukua njia ya pili, mpango wa bure, na nimenunua jina la .co.tz. Fundi wa tovuti nimemwambia asubiri mavuno ya Agosti, nikiona orodha inaleta oda ndipo tutazungumza. Maneno nimeyachukua ya Mwandishi, ila nimeongeza "na ubuyu" maana watu wa Mwanza wananiulizia huo zaidi. Picha ya shamba nimeitoa kabisa, nimeweka ya kiganja chenye zabibu. Kiungo pia nimekichapisha kama msimbo wa QR kwenye stika ya pakiti, maana aliyekwisha kula ndiye mwenye sababu ya kunisubiri.

Naombeni mjaribu kwa simu zenu.

MamaKaranga_Kongwa

Nimejiandikisha kwa simu ya mjukuu, mtandao wa huku kwetu. Imefunguka haraka, barua ya kuthibitisha imefika kabla sijaweka simu chini. Lakini mtumaji ameandikwa "Admin". Nani huyo?

ZabibuNaUbuyu

Nimebadilisha, mama. Asante. Jaribu tena na anwani nyingine.

Babu_Mkonze

Na mimi nimejiandikisha. Kijana wa Majengo amenitafutia nywila. Asali ya Manyoni lita ni bei gani, au nisubiri barua?